Mwalimu Wetu, Babu Yao

Wenzangu mliokulia miji midogo ya mkonge, miaka ile sukari ikipangiwa foleni kwenye duka la kaya na ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ukiwa ndio ugali, mtanielewa nikisema kwamba hatukuwa na baba wa kuchezea. Baba alikuwepo, tena alikuwepo sana. Kulikuwa na kiti chake ambacho hakuna aliyekikalia hata akiwa safarini. Kulikuwa na kikombe chake cha bati, na mnofu wake uliotengwa mapema kwenye bakuli lililofunikwa, na usingizi wake wa mchana ambao kuku walifukuzwa uani wasije wakauharibu. Lakini kumkalia mapajani? Kumwambia, "Baba, nitazame ninavyoruka"? Ungeanzia wapi?

Kwetu Korogwe mambo yalizidi, kwa sababu baba yangu alikuwa pia mwalimu mkuu wa shule niliyosoma. Shuleni tulimwita Mwalimu kama watoto wengine wote, na kwa kuwa ulimi haukuweza kubadilika kila jioni, hata nyumbani sisi watoto sita tulimwita Mwalimu. Mama peke yake ndiye aliyemwita Baba Mwanaidi. Mwanaidi ndiye mimi, kifungua mimba, na nilikuwa nikilisikia jina langu likiwa limegandana na lake, najiona mtu wa maana kuliko wadogo zangu.

Asubuhi tulikimbia mchakamchaka kabla jua halijapanda, miguu mitupu, umande unatuchoma vidole. Kila mtoto na kidumu chake cha maji na fagio lake la chelewa. Tulifagia uwanja mpaka vumbi likatulia lenyewe kwa uchovu, kisha tukapanga mistari, na Mwalimu akapita akikagua kucha, nywele na kola. Nyuma ya mlango wa ofisi yake ilisimama bakora ya mkwaju, na hakuna mtoto aliyepita karibu na mlango ule bila kuitupia jicho kuona kama bado ipo. Ilikuwepo. Mimi niliila kama wenzangu, pengine zaidi, maana mtoto wa Mwalimu hakusamehewa hata kuchelewa kwa mvua.

Jioni ndiyo ilikuwa yetu. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka, tukacheza kombolela, tukadaka mdako kwa vijiwe vilivyong'aa kwa jasho la viganja. Giza likianza kuingia tunarudi uani, mama yuko kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Mama alikuwa hodari wa kuigiza watu. Akimwigiza muuza mafuta ya taa anayeongea puani, au shangazi yetu anayesali huku jicho moja liko kwenye chungu cha jirani, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu mlango wa uani unalia, Mwalimu anaingia, na kicheko kinakatika kama redio iliyoishiwa betri. Sote tunasimama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Madaftari yako wapi?"

Nilipokuwa darasa la tano nilishika namba moja. Siku ya kufunga shule wazazi walikuja, tukaimba, kisha Mwalimu akaanza kutoa zawadi kwa mkono wake mwenyewe, mtoto mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya darasa letu alisoma jina langu bila kuinua macho, akampa msaidizi wake zile penseli anikabidhi, akageuka kunywa maji. Wa pili alikuwa Stefano, mtoto wa karani wa bomani. Huyo Mwalimu alimshika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Hongera sana, mwanangu."

Mwanangu! Nilisimama pale na penseli zangu, namtazama Stefano, na kama macho yangekuwa moto, boma lingebaki bila mtoto wa karani.

Na kambi pia, hii ya watu kwenda kulala porini kwa raha, tuliijua, ila hatukuiita kambi. Mahindi yakikaribia kukomaa tulihamia shamba na mama, tukalala kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichonyanyuliwa juu ya nguzo, tukapiga madebe kuwafukuza nguruwe pori. Moshi ulituingia machoni, mahindi ya kuchoma yalituchafua midomo, na asubuhi nguo zilinuka majivu. Raha yake siwezi kuieleza. Mwalimu alibaki mjini na madaftari yake ya kusahihisha. Hakuja hata mara moja.

Miaka ikaenda. Mimi nikaolewa na Hamisi, tukahamia huku Marekani, tukapanga hapa Hyattsville, karibu na Washington. Yeye anaendesha basi, mimi nahudumia wagonjwa hospitali. Tukapata watoto wawili, Salma na Rashidi, wanaosikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Mama alipofariki, wadogo zangu wakaona Mwalimu hawezi kukaa peke yake katika nyumba ile, wakamleta kwangu.

Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Alitoka amevaa koti lake la shule, kola imefungwa mpaka juu, anatembelea fimbo. Mimi nilisimama hatua kadhaa mbali naye, nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo. Wanangu hawakujua kanuni hiyo. Walikuwa wamemwona kwenye simu tu, wakamrukia. Rashidi alimkumbatia miguu, Salma akamning'inia shingoni, na mzee akayumba katikati ya watu na masanduku yao. Nilikwenda mbio kuwatoa. Nikamkuta anacheka.

Sikuwahi kuyaona meno ya nyuma ya baba yangu kabla ya siku ile.

Kuanzia hapo niliishi na mtu nisiyemjua. Rashidi akimgeuzia kofia mbele nyuma, anatembea nayo hivyo hivyo mpaka dukani. Salma akimchorea kitu kisichofanana na chochote, anakibandika ukutani juu ya kitanda chake. Alijifunza maneno mawili ya Kiingereza akayatia kila mahali: "Gudi jobu!" Mtoto kamaliza maziwa, gudi jobu. Mtoto kafunga kamba za viatu, gudi jobu. Mtoto kapiga chafya ndani ya kiwiko, gudi jobu! Nami nipo jikoni nakoroga mchuzi, nahesabu ni nani katika sisi watoto sita aliyewahi kuambiwa hata nusu yake.

Najua ni aibu mama mzima kuwaonea gere watoto aliowazaa mwenyewe. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Majira haya ya joto watoto walishikilia kwamba wenzao wote wa shule wamekwenda kulala porini isipokuwa wao. Jirani yetu Mkongo, Mama Nadine, alituazima mahema mawili na magodoro ya kujaza upepo. "Kamata yote, mama," alituambia. "Sisi hatutarudia kule tena, mbu ilitukula sana." Hamisi akapata mahali huko mashambani Virginia: kasri la mawe ambalo tajiri mmoja wa zamani alijijengea kwa kutamani mambo ya Ulaya, lenye minara na madirisha membamba, na siku hizi warithi wanakaribisha watu wapige kambi kwenye viwanja vyake. Tukapakia sufuria, mkeka, mchele, soseji za ng'ombe, birika, na mzee.

Tulipofika, Mwalimu alishuka, akasimama akiliangalia lile jumba juu ya majani mabichi yaliyokatwa vizuri kama kichwa cha bwana harusi. Nikakumbuka nyumba ya meneja wa mkonge kule kwetu, kilimani, tuliyokuwa tukiichungulia kupitia ua wa michongoma huku mmoja akilinda mbwa wasije. Nadhani naye alikumbuka, maana aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwenyewe ameruhusu kweli? Hata kupika?"

"Ameruhusu, Baba. Hata kupika." Neno hilo Baba nililianza ukubwani.

Watoto wa siku hizi kambini ni kichekesho. Salma alipoona panzi alipanda juu ya meza. Rashidi aliuliza moto unawashwa wapi, akitafuta swichi kwenye mawe ya meko. Walipogundua kwamba simu haishiki, walitazamana kama watu waliopata msiba. Mimi niliyelala kwenye dungu nikisikia nguruwe wanakoroma chini yangu, nilitaka kusema neno, lakini mzee alikuwa ameshawaita. Alipiga magoti, yeye na magoti yake mabovu, akawaonyesha namna ya kupanga vijiti vidogo chini na vinene juu, namna ya kupuliza kutoka chini bila kutema mate. Moto ulipowaka akapiga makofi. "Gudi jobu, Rashidi! Gudi jobu, Salma!"

Mimi ndiye niliyeleta kiberiti. Hakuna aliyeniambia kitu.

Jioni watoto walitoa mfuko wa vile vitamu vyeupe, laini kama pamba, ambavyo Wamarekani huvichoma motoni mpaka viwe kama gundi. Vijiti vilikuwa vibichi, vinapinda. Basi Rashidi akaichukua fimbo ya babu yake, akachomeka kitamu chake kwenye ncha, akaiingiza motoni. Nilipogeuka, fimbo ilikuwa inawaka.

Nilipiga kelele. Mwili wangu ulijikunja wenyewe, kama ni mimi ninayengoja kuitwa ofisini. Fimbo ya Mwalimu! Mwalimu aliinyakua, akaizima kwenye majani, akaitazama ile ncha nyeusi yenye sukari iliyoganda. Akailamba.

"Tamu," akasema. Wakaangua kicheko, wote watatu, na Hamisi naye. Mimi nikaenda kuosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Baada ya magharibi mvua ikashuka, mvua ya huku ya radi, ya ghafla. Nilifungua zipu ya hema letu, nikapanua mikono kuwapokea wanangu. Walinipita mbio, wakaingia kwenye hema la babu yao. Nikabaki na mikono yangu hewani, nalowa. Hamisi aliniona, akanivuta ndani, akafunga zipu. Tulikaa tukisikiliza mvua, na katikati ya mvua sauti ya baba yangu ikimwigiza fisi aliyekwama mlangoni kwa kushiba, na wanangu wakipiga kelele, "Babu, again! Again!" Naye akarudia tena na tena. Sikuwahi kujua kwamba anajua hadithi hata moja.

Asubuhi nilitoka baada ya sala. Mwalimu alikuwa ameshatangulia, amekaa kwenye gogo, anahangaika na kuni zilizolowa. Watoto walikuwa bado wamelala. Nilimwamkia, nikateleka birika, nikakaa upande wa pili wa moto. Ukungu ulikuwa umelifunika kasri, mnara tu ndio ulioonekana.

Sikupanga kusema. Nilisikia sauti yangu inasema.

"Baba, Rashidi amekuchomea fimbo, na umecheka."

"Ni mti tu ule."

"Ingekuwa ni mimi nimeichoma?"

Akageuza kuni. Nikaendelea, maana mlango ukishafunguka ndiyo hivyo. "Darasa la tano nilikuwa wa kwanza. Ukanipa penseli kwa mkono wa mtu mwingine. Stefano ukamshika mkono, ukamwita mwanangu."

"Stefano yupi?"

"Mtoto wa karani wa bomani."

Akafinya macho. "Simkumbuki," akasema.

Mtoto niliyembeba rohoni tangu utotoni, nikavuka naye bahari, nikazeeka naye, mwenyewe hamkumbuki! Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Nikasingizia moshi.

"Mwanaidi," akasema polepole, "unawaonea wivu wanao?"

"Ndiyo." Nikajishangaa. "Nawaonea, Baba. Sana."

Nilingoja karipio. Akachokoa moto kwa ile fimbo yake iliyoungua.

"Mimi nilikuwa namwonea mama yenu," akasema.

Nikainua macho.

"Nikitoka shule nilikuwa nasimama pale nje, nyuma ya mlango wa uani. Nawasikia mnavyocheka. Siku nyingine nami nacheka huko huko nje, peke yangu, nikimsikia anamfanya yule muuza mafuta ya taa. Halafu nafungua mlango, mnasimama wima kama mko paredi. Basi, naulizia madaftari. Ningesema nini tena?"

"Si wewe uliyetufundisha kusimama?"

"Ni mimi. Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Sasa ningeanzaje kuwaambia kaeni, nami nataka kusikia?" Akaashiria lile hema kwa kidevu. "Hawa hawakuniuliza. Walinirukia tu pale uwanja wa ndege. Sikupata nafasi ya kuwa Mwalimu."

"Mimi nilikuwa mtoto, Baba. Mtu mzima ulikuwa wewe."

"Ndiyo," akasema. Kisha akasema, "Maji yanachemka."

Yalikuwa yanachemka kweli. Nikatia majani ya chai. Hasira ilikuwepo, na kitu kingine pia. Nilikuwa namwona amesimama nje ya mlango wetu na baiskeli yake, ameziba mdomo kwa kiganja. Laiti mmoja wetu, siku moja tu, angetoka mbio kwenda chooni akamfumania pale anacheka.

Baadaye Hamisi aliwachukua watoto kupanda mnara wa kasri, ambao ngazi zake ni nyembamba na zinazunguka. Magoti ya mzee hayakuziweza. Nilitandika mkeka kwenye majani, jua limeshatoka na ardhi inafuka mvuke, tukakaa wawili. Sikumbuki kama tuliwahi kukaa wawili hivyo, bila mgonjwa, bila mgeni, bila shughuli.

Mwishowe akakohoa kidogo, akaniuliza bila kunitazama, "Yule muuza mafuta... unaweza kumfanya?"

"Mimi?"

"Mama yako alikuwa anaanza na pua."

Nikatazama huku na huku. Wazungu wawili walikuwa wanapita na mbwa wao. Nikabana pua, nikatoa ile sauti: "Mafutaaa, mama, mafuta ya taa, hayana maji, ukiona maji ujue ni machozi yangu!" Baba yangu akacheka. Alicheka mabega yakitikisika, akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono ajizuie asianguke upande, nami nikarudia, nikaongeza na shangazi na chungu cha jirani, na kila alipotaka kutulia nikambandika kingine. Nilikuwa na pupa. Nilitaka kukitoa kicheko chote mle ndani, kisibaki hata cha akiba.

Ndipo sauti ikatoka mnarani, "Babu! Babu, tuangalie!" Salma aliisema kwa Kiswahili, kwa raha zake. Mzee akaniachia mkono, akainua yote miwili, akapunga. "Gudi jobu!" akapaza sauti. "Gudi jobu huko juu!" Na mimi, na raha yangu yote ile, wivu ukanichoma tena palepale.

Tulifungasha mchana. Nilimwambia Hamisi aendeshe yeye njia yote. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia, nikakaa karibu na baba yangu, bega kwa bega. Salma akasimama nje, begi mgongoni, haamini.

"Mama, that's my seat!"

"Najua. Leo nakaa mimi."

"Babu!" akashtaki.

Mzee alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayeamua ugomvi wa uwanjani.

"Mpishe mwenzio," akamwambia.

Salma alinuna njia nzima mpaka Bladensburg, karibu kabisa na kwetu, na sikumbembeleza. Watoto hawa wamezoea kupewa, kungoja hawakujui. Mzee alisinzia, kichwa kikanielemea begani, kizito, kinanuka moshi, nami sikujisogeza mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku hizi naona kina baba wanawabeba watoto wao mabegani madukani, wanaimba nao garini, wanaomba radhi kwa watoto wa miaka minne. Nawatazama nacheka, lakini moyoni nameza. Wanangu watakua, watawasimulia watoto wao habari za babu aliyelamba fimbo yake katika uwanja wa kasri, aliyemfanya fisi mvua ikinyesha. Watazisimulia kama jambo la kawaida, kana kwamba kila mtu alikuwa naye. Nami nitakuwa nimekaa kando nasikiliza, na najua roho itaniuma vilevile. Utoto wao una baba yangu ndani yake. Wangu una Mwalimu.